Presha ya Mtu Nisiyemwona

Kwa sehemu kubwa ya mwaka nilikuwa nikitibu presha ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Sijui jina lake, umri wake wala uzito wake. Sijui kama ni mwanamume au mwanamke. Ninachojua ni kwamba alikohoa kikohozi kikavu, kwamba miguu yake ilivimba, na kwamba yote mawili huenda yalitokana na vidonge nilivyoviandika mimi kwa jina la mtu mwingine.

Huyo mwingine namjua vizuri. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Morogoro, anayefanya kazi huku ughaibuni kwenye kiwanda kinachoandaa chakula cha abiria, karibu na uwanja wa ndege. Kazi yake ni kufunga kijiko, uma na kisu ndani ya kitambaa cha karatasi, kisha kuvitia kwenye sinia linalosogea mbele yake. Anasema mle ndani kuna baridi kuliko nje, hata Januari ya theluji, na kwamba amewafungia vijiko watu wa dunia nzima lakini yeye mwenyewe hajapanda ndege tangu ile iliyomleta.

Mimi ni muuguzi. Katika jimbo hili wapo wauguzi waliosomea zaidi na kupewa kibali cha kumpima mgonjwa, kuutaja ugonjwa wake na kumwandikia dawa bila kumsubiri daktari, na mimi ni mmoja wao. Kliniki yetu iko Rexdale, mtaa wenye wahamiaji wengi, chini ya jengo refu la kupanga, pembeni ya saluni. Wanaokuja ni watu wa maghala na viwanda, wengine wanatoka zamu wakiwa bado wamevaa viatu vyenye chuma mbele. Magonjwa yao ni yale yasiyoandikwa kwenye magazeti: presha, sukari, mgongo, kiungulia, usingizi uliopotea, mawazo. Hayaponi. Unayatuliza, unamwambia mtu arudi baada ya wiki kadhaa, unapima tena, unaongeza au unapunguza. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Kuna namna ya kuuliza niliyoikuta wodini nyumbani, kabla sijafika huku, na ambayo haimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Humuulizi mgonjwa, "Umekunywa dawa?" kama askari. Unasema, "Dawa tunakunywa? Chumvi tumepunguza?" Unasimama upande wake, kama vile ugonjwa umewakuta wote wawili. Mgonjwa naye hujibu hivyohivyo: tunakunywa, sista, tunajitahidi, tunamshukuru Mungu. Hakuna anayedhani kwamba muuguzi naye anameza vidonge. Ni adabu tu ya lugha, na huwa nafurahi kuitumia katika mji ambao sina mahali pengi pa kuitumia. Dereva mmoja wa lori, Mkenya, ndiye peke yake aliyewahi kuikataa. Nilimuuliza kama tumepunguza chumvi. "Mimi nimepunguza," alisema. "Wewe sijui." Akaongeza kwamba hata hivyo presha ile haikuwa yake, ilikuwa ya mwenye nyumba.

Mama wa kiwandani alikuja kwetu kwa sababu ya kichwa kilichomuuma kisogoni kila alipoamka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, sista. Nimeambiwa kuna Mswahili hapa. Nikasema leo nitaumwa kwa raha."

Presha yake ilikuwa juu sana. Nilipima mkono wa kulia, nikapima wa kushoto, nikamwacha akae kimya, mgongo umeegemea kiti na nyayo zote mbili zimegusa sakafu, kisha nikapima tena. Haikuteremka. Nilimuuliza habari za wazazi wake. Aliniambia, akitazama ukuta, kwamba mama yake alianguka kwa kiharusi akiwa anachambua mchele, akaishi miaka mingi baada ya hapo bila kuweza kutamka neno zima. Yeye ndiye aliyekuwa akimlisha.

"Mimi nisije nikawa vile," alisema. "Mtu unamtazama usoni, unaona yumo ndani, lakini hatoki."

"Hatutafika huko, mama."

Nilimwandikia kidonge cheupe, cha aina inayolegeza mishipa na kulinda figo. Ndicho ambacho wengi huanza nacho. Aliporudi, presha ilikuwa imeshuka kidogo sana. Nikaongeza nguvu ya kidonge. Akarudi, bado. Nikaongeza cha pili, cha njano, ambacho hufanya kazi kwa njia nyingine. Kikasogeza namba kidogo, kikaishia hapo.

Presha inayokataa dawa mbili humfanya mtu wa kazi yangu awe mpelelezi. Nilimuuliza juu ya dawa za maumivu, maana kuna zile za dukani ambazo hupandisha presha kimyakimya. Hakuwa akizitumia. Nilimuuliza kama anakoroma. "Nalala peke yangu, nitajuaje?" Nilimuuliza juu ya supu za pakiti, samaki wa chumvi, achari. Nilimpima damu kuangalia figo na chumvi za mwilini, nikamtuma akapigwe picha ya figo na ya vile vitezi vidogo vilivyokaa juu yake. Majibu yote yalirudi safi. Nilimpigia mfamasia wake, akaniambia mama huchukua dawa zake kila mwezi bila kuchelewa, na kwamba hajawahi kuona mteja mwaminifu kama yeye.

"Dawa tunakunywa?" niliuliza kila alipokuja.

"Tunakunywa, sista."

"Hatusahau?"

"Tutasahauje?"

Ukifika hapo, unaweza kuanza kumtilia shaka mtu. Nilijaribu kumwona kama mwongo, sikuweza. Alikuwa na namna ya kujibu swali mara moja, akikutazama usoni, kisha kunyamaza, kama shahidi aliyezoea mahakama.

Siku moja aliniuliza kama kidonge cheupe kinaleta kikohozi. Nilimwambia kwa baadhi ya watu kinaleta, kikohozi kikavu kisicho na makohozi, na kwamba tunaweza kukibadilisha.

"Unakohoa?"

"Kinasumbua usiku."

Nilimsikiliza mapafu, mbele na nyuma. Pumzi iliingia na kutoka bila mkwaruzo wowote. Katika muda wote aliokaa chumbani hakukohoa hata mara moja. Nilimwambia nitabadilisha dawa leo hii. Alifikiri kidogo. "Ngoja kwanza," alisema. "Tuangalie." Nikaandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa ana kikohozi kikavu, hasa usiku, na ameomba kusubiri.

Safari iliyofuata aliuliza juu ya kidonge cha njano.

"Hiki kinavimbisha miguu?"

"Kinaweza. Hebu vua soksi tuone."

Alisita, akavua. Huvaa soksi mbili kwa ajili ya baridi ya kiwandani. Miguu ilikuwa mikavu, vifundo vimetokeza, ngozi ya juu imekunjamana kidogo kama ya mtu aliyepungua mwili. Nilibonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, nikashikilia. Mguu wenye maji ukiubonyeza hivyo hubaki na shimo. Nilipotoa kidole hakukuwa na shimo.

"Mama, miguu hii haijavimba."

"Hii haijavimba," alisema.

Nilibaki nimechuchumaa mbele yake. Nje, kwenye chumba cha kusubiria, mtoto alikuwa akilia na mama yake akimbembeleza kwa Kisomali.

"Ipi imevimba?"

Alianza kuvaa soksi, ya ndani kwanza, akaivuta vizuri kisiginoni, kisha ya juu.

"Nilikwambia tunakunywa, sista. Kila ulipouliza nilikwambia. Mimi sikukudanganya."

Ndivyo nilivyojua. Vidonge havikuwa vikitumiwa na mtu mmoja. Leo mimi, kesho mwenzangu, alisema, na alilisema kwa sauti ya mtu anayeeleza zamu za kufagia ukumbi. Kila kidonge nilichomwandikia kilikuwa kimefanya nusu ya kazi katika mwili wake na nusu ya kazi katika mwili mwingine. Kila mara presha yake ilipokataa kushuka nami nikaongeza nguvu ya dawa, nilikuwa nimemwongezea na yule. Kikohozi nilichokiandika kwenye faili kilikuwa na kifua chake mahali fulani, kwenye moja ya majengo ambayo nayaona kupitia dirisha la kliniki.

"Mwenzako ni nani?"

"Ni mgeni wangu."

"Nani alimwambia ana presha?"

"Nilimpima kwa kile kimashine ulichoniambia ninunue. Ilikuwa kubwa kuliko yangu."

"Ni mwanamume au mwanamke?"

"Ni mtu, sista."

"Nauliza kwa ajili ya dawa. Kama ni mwanamke, na kama ana mimba, kile cheupe kinamdhuru mtoto tumboni. Na miguu kuvimba si lazima iwe ni dawa. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa figo. Mwenye mimba na presha akivimba, hilo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo."

Akachukua kiatu, akakivaa.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Nitafikisha."

"Mlete."

"Hana kadi ya matibabu."

"Hapa hatuulizi kadi. Unajua. Umekaa pale nje na watu wasio na kadi."

"Hamuulizi," alisema, akisimama. "Lakini mnaandika."

Daktari tunayefanya naye kazi ni mtu wa hapahapa, mpole, ambaye hula chakula chake cha mchana amesimama. Nilimfuata jikoni kwetu nimwombe ushauri, na sentensi ya kwanza ikanikwama mdomoni. Kiswahili kilikuwa kimeniruhusu nizungumze kwa muda mrefu juu ya mtu huyu, kwamba anakohoa, amevimba, anakunywa dawa, hataki kuja, bila kujua ni nani. Kiingereza kilinitaka nichague kati ya "he" na "she" kabla sijafika kwenye kitenzi. Nilianza mara mbili, nikaacha.

"Ni mwanamume?" daktari aliuliza.

"Sijui."

"Mmezungumza juu yake, na hujui?"

"Lugha haikunilazimisha kujua, na mama hakutaka kusema."

Alitafuna taratibu. Alisema siwezi kumtibu mtu ambaye hayupo, nimtibu niliye naye.

"Niliye naye anamgawia," nilisema. "Nikimwambia aache, ataendelea. Nikimnyima dawa, wote wawili watakosa."

"Basi andika kitu ambacho hakitaua yeyote."

Ni rahisi kusema. Kuna kidonge cha presha ambacho hata wajawazito huandikiwa, nami ningeweza kukiweka mahali pa kile cheupe. Lakini hicho hakimfai mwenye pumu, kinaweza kumbana kifua. Na moja ya mambo mawili niliyoyajua juu ya mtu huyu ni kwamba anakohoa. Nilikaa mbele ya kompyuta na faili la mama limefunguka, nikaona kwamba kila dawa niliyoifikiria ilihitaji mwili. Moja ilihitaji niujue moyo unakwenda kasi gani. Nyingine ilihitaji figo. Nyingine ilihitaji nijue kama kuna mtoto.

Nilimpigia mama mchana, siku yake ya mapumziko. Nilisikia bomba likifungwa na sufuria ikiwekwa juu ya jiko. Tulisalimiana, nikamuuliza kichwa, akasema kimetulia, akaanza kunieleza jinsi walivyobadilishiwa zamu na msimamizi mpya, kijana asiyejua hata mlango wa jokofu uko wapi. Wakati anaeleza, kikohozi kikaanza. Kilikuwa kifupi, kikavu, kimoja nyuma ya kingine, kama mtu anayejaribu kutoa unywele kooni. Mama hakusita. Aliendelea na habari za msimamizi, na chini ya sauti yake mtu mwingine alikuwa akikohoa.

Nilikuwa nimekiandika kikohozi kile kwa mkono wangu. Ndiyo kwanza nakisikia.

"Mama," nilisema, "weka simu kwenye spika."

"Ya nini?"

"Weka tu. Sitauliza jina."

Sauti ya chumba ikapanuka. Nilisikia jokofu likinguruma, televisheni ya mbali, na ndege ikishuka juu ya jengo, ile ngurumo ambayo watu wa upande ule huacha kuisikia baada ya mwezi mmoja. Kikohozi kilikuwa kimekoma.

"Wewe unayekohoa," nilisema, "habari za mchana. Mimi ndiye yule muuguzi. Sikuulizi jina wala ulipotoka. Nina maswali mawili tu. Una pumu, au umewahi kuwa nayo?"

Kisha mama akasema, kwa haraka, "Pumu hana. Hilo najua."

"Sawa. La pili. Inawezekana una mimba? Kama haiwezekani kabisa, kwa sababu yoyote ile, gonga meza mara moja. Huna haja ya kusema."

Nilingoja. Ndege ilikuwa imekwisha kupita. Nilisikia mguso, mdogo, wa kitu kigumu juu ya kitu kigumu. Ungeweza kuwa kidole kimegonga meza. Ungeweza kuwa kikombe kimewekwa chini.

"Hilo lilikuwa jibu?"

Kimya.

"Gonga tena kama lilikuwa jibu."

Nilisikia jokofu. Nilisikia mtu akivuta pumzi kupitia pua, karibu na simu kuliko nilivyotarajia, na nikatambua kwamba muda wote huo alikuwa ameinama juu yake, au juu ya meza, ananisikiliza. Pumzi haina jinsia. Nilimwambia yaliyobaki hata hivyo. Kile cheupe akiache leo. Akivimba midomo au ulimi, apige simu ya dharura bila kungoja, na watu wa gari la wagonjwa hawaanzi kwa kuuliza kadi. Akipata kichwa kikali, au aone mawenge, au ashindwe kupumua akilala chali, hivyohivyo. Nilisema kwamba Alhamisi alasiri nina nafasi ya mwisho, kliniki inakuwa tupu, anaweza kuingia kwa mlango wa nyuma unaotazama maegesho, na nitampima bila kufungua faili mpaka yeye mwenyewe aseme nifungue.

Sauti ya chumba ikajikunja tena. Mama alikuwa ameiondoa simu kwenye spika.

"Amesikia?" niliuliza.

"Masikio anayo."

"Atakuja?"

"Tutakuja."

Nilibadilisha dawa kwenye jina la mama: nikaondoa cheupe, nikaweka kile kinachowafaa hata wajawazito, nikabakiza cha njano. Sababu niliyoandika ilikuwa kikohozi. Ilikuwa kweli.

Alhamisi ile sikumpangia mtu mwingine yeyote. Nilifungua mlango wa nyuma, ambao msimu wa baridi hukwama na lazima uusukume kwa bega. Kwenye maegesho kulikuwa na kilima cha theluji chafu na toroli la dukani limezama nusu. Walipita watu wa kawaida: mtu na mifuko, msichana na simu, mzee anayechungulia barafu kabla ya kukanyaga. Kila aliyepunguza mwendo nilimtazama mpaka alipoondoka. Hakuna aliyeingia. Mama alipiga simu siku iliyofuata, akasema walimwita kazini ghafla. Nilimwambia wiki ijayo. Wiki ile nayo walimwita kazini.

Tangu hapo sikai vizuri kwenye basi. Naishi kusini kidogo, napanda basi la barabara ya Kipling asubuhi na jioni, na nimejikuta natazama miguu ya watu. Natafuta viatu vilivyolegezwa kamba, soksi iliyokata alama, mtu aliyekanyaga kisigino cha kiatu kwa sababu mguu hauingii. Wako wengi kuliko unavyodhani. Mtu akikohoa kwenye viti vya nyuma, kikohozi kikavu, huwa nageuka. Mara moja mwanamke mmoja aliniuliza kwa hasira kama nina tatizo naye. Niliomba radhi nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Mama alirudi mwishoni mwa majira ya baridi. Alikuwa amekonda kidogo, au ni koti lililokuwa jipya. Nilimkalisha, nikamfunga kitambaa cha mashine mkononi, tukanyamaza wote wawili kama kawaida wakati mashine inajaza upepo. Namba zilipotokea nilidhani nimekosea. Nikapima mkono wa pili. 118 kwa 72. Hajawahi kuwa na presha kama ile tangu nimfahamu, na kwenye karatasi lilikuwa jambo la kufurahia.

"Dawa tunakunywa?" niliuliza.

"Nakunywa," alisema. "Kila siku. Zote."

Mashine ilitoa upepo uliobaki.

"Na mwenzako?"

"Ameondoka."

"Ameenda wapi?"

"Kwao."

"Kwao wapi, mama? Hapa mjini, au nyumbani?"

"Kwao."

"Kwa miguu yake aliondoka?"

Nilijua nimeuliza vibaya mara tu neno liliponitoka, lakini alilijibu kama swali la muuguzi. "Viatu vyake havikumwingia. Nilimpa vyangu vya kazini, vile vya chuma. Vyenyewe ni vikubwa, navaaga na soksi mbili." Viatu vya kiwandani havina vya kike wala vya kiume, vyote ni vyeusi, vyote vimetengenezwa kwa umbo moja. Sijui kama alitambua kwamba hakuwa ameniambia chochote, au kama ndivyo alivyokusudia.

"Alikuwa na dawa?"

"Za mwezi nilimpa."

"Zipi? Mpya, au na zile nyeupe?"

Alinitazama. "Sista, leo nimekuja kupima presha."

Nikafanya alichokijia. Nilimwambia alale kitandani, kisha asimame, nikapima akiwa amesimama. Namba ya juu ilishuka mpaka karibu na mia, naye akashika ukingo wa kitanda.

"Kizunguzungu?"

"Kidogo. Hupita."

Nilimweleza. Dawa zile nilizipandisha kwa sababu presha ilikuwa haishuki, na ilikuwa haishuki kwa sababu alikuwa akinywa nusu. Sasa anakunywa zote, zimekuwa nyingi mno kwake. Mtu wa umri wake akisimama usiku kwenda chooni akaanguka, akavunja nyonga, hatafunga vijiko tena. Tutapunguza. Kile kilichochukua nafasi ya cheupe nitakiondoa kabisa, cha njano nitakipunguza nusu, arudi baada ya wiki chache.

"Usipunguze," alisema.

"Mama, hapo ulipo umeshikilia kitanda."

"Nimekishika tu. Acha kama zilivyo."

"Kama mwenzako ameondoka, zilizobaki ni za nani?"

Alikaa, akaanza kutafuta mwanzo wa zipu ya koti. Ilimchukua muda kuunganisha. Nilingoja. Nilisema tena kwamba nafasi ya Alhamisi ipo, kwamba kama kuna mtu, awe yule au awe mwingine, nitampima kwanza ndipo nimwandikie cha kwake mwenyewe, na wasinywe tena cha kugawana. Nilisema kwamba yeye ana mwili mmoja tu wa kuulinda na kiharusi, na hawezi kuulinda kwa nusu.

"Mama yangu," alisema, "kabla hajaanguka, nyumba nzima walikuwa wanakula kwenye sahani yake. Alikuwa akituachia chakula, anasema ameshiba. Unafikiri hakuwa na njaa?"

Niliandika dozi ndogo, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu ni yeye na aliyepata kizunguzungu ni yeye. Nilimsomea nilichoandika. Alinishukuru kwa upole sana, kama mtu anavyomshukuru mhudumu aliyemletea chakula ambacho hakuagiza, akafungua mlango, akawaaga waliokuwa nje kwa jumla.

Hiyo ilikuwa kabla theluji haijayeyuka. Vidonge vya zamani alivyokuwa navyo lazima viwe vimekwisha, hata kama alikuwa akinywa peke yake. Na kama hakuwa peke yake, vilikwisha mapema zaidi. Hakuja siku ya miadi. Nimempigia, simu inaita mpaka inakata. Kiwandani wanasema hawawaiti wafanyakazi kwenye simu, na hawakutaka kuniambia kama bado anafanya kazi pale. Nilizungumza na mfamasia tena leo asubuhi. Dozi ile ndogo aliiandaa siku ileile nilipoituma. Iko kwenye rafu, ndani ya mfuko wenye jina la mama, na hajatokea mtu kuichukua.